Mguu wa Kushoto Ulikuwa Unachelewa

Pedali ya pili ya ngoma ya mdogo wangu ilitengenezwa na fundi wa kuchomelea vyuma, nyuma ya stendi ya Bukoba, kwa mnyororo wa baiskeli, bawaba mbili za mlango na kipande cha nondo. Nilikuwepo. Fundi aliuliza ni ya mashine gani. Mdogo wangu akamwambia ni ya ngoma.

"Ngoma inapigwa kwa miguu?"

"Ndiyo, fundi. Yote miwili."

"Basi mikono yenu mmeipeleka wapi?"

Alicheka peke yake, akavaa miwani, akachomelea. Pedali ile haikuwahi kukatika.

Muziki tuliokuwa tunapiga ni metali, ule wa magitaa mazito na mtu anayeimba kama anafukuza mbwa. Katika muziki huo ngoma kubwa hulala chini kwa ubavu mbele ya mpigaji, naye huipiga kwa miguu miwili kwa zamu, kulia, kushoto, kulia, kushoto, haraka kiasi kwamba msikilizaji hawezi kuhesabu. Mikono huwa na kazi zake juu. Bila ile miguu muziki wote unakuwa kelele za gitaa tu. Baba yetu alipousikia mara ya kwanza alisema ni mashine ya kusaga mahindi iliyokosa mahindi.

Lakini miguu ile mdogo wangu aliipata kwa baba. Kwetu ni Kashozi, nyumba iko katikati ya kibanja, migomba pande zote na kahawa chini ya migomba. Kibanjani kuna obwato, gogo kubwa lililochongwa ndani likawa kama mtumbwi. Humo hutiwa ndizi za pombe zilizoiva na nyasi, na wanaume huingia na kukanyaga hadi maji ya ndizi yatoke. Maji hayo ni omuramba. Ukitia mtama wa kukaanga na kuyafunika, kesho yake au keshokutwa una rubisi. Mdogo wangu alianza kuingia humo akiwa na miaka saba, nyuma ya baba, ameshika mkanda wake ili asianguke. Mimi sikuingia. Kwetu mwanamke haingii katika obwato. Nilikuwa nakaa kando juu ya kreti la soda lililogeuzwa, nasuuza vibuyu, na kwa kuwa hapakuwa na jingine la kufanya, nilikuwa nahesabu hatua zao. Nadhani ndiyo kazi niliyoendelea nayo maishani. Nikawa mwandishi wa habari wa redio, mtu wa kukaa kando na kuhesabu.

Bendi ilikuwa na watu watatu. Mimi kwenye gitaa, mdogo wangu kwenye ngoma, na mwalimu mmoja wa kemia wa sekondari kule Muleba kwenye besi, ambaye pia ndiye aliyekuwa anaimba. Tulikuwa tunamwita mwalimu hata tukigombana naye. Mazoezi tulifanyia Muleba, katika ghala la kahawa la familia yake ambalo halikuwa linatumika. Ngoma zenyewe zilitoka kwa kwaya moja ya Kilutheri hapa mjini Bukoba iliyokuwa imepata mpya. Kwenye ngozi ya ngoma kubwa palikuwa pamebaki nusu ya msalaba wa rangi ya bluu, na mdogo wangu alikataa kuufuta.

Siku ya ajali ilikuwa Jumamosi. Mazoezi niliyapanga mimi, saa saba mchana. Asubuhi nilikuwa Ngenge kuwahoji wakulima wa mpunga juu ya maji, nikadhani nitamaliza mapema. Mzee mmoja alikuwa anaongea polepole na alikuwa na hoja. Nilifika ghalani saa tisa na nusu. Mvua ilikuwa imeanza. Mwalimu aliniambia mdogo wangu amechoka kungoja, amepanda pikipiki kurudi Kashozi, hata nusu saa haijaisha.

Nilikaa pale pale kwenye gunia nikaandika habari ya mpunga. Kabla sijaituma, ofisi wakanipigia kwamba kuna ajali barabara ya kuja Bukoba, nitafute maelezo. Nilimpigia askari ninayefahamiana naye. Akanieleza. Nikaandika sentensi tatu: kwamba lori na pikipiki vimegongana, kwamba dereva wa pikipiki ametibiwa na kuruhusiwa, kwamba abiria wake, kijana, ameumia vibaya mguu wa kushoto. Nikatuma. Kisha nikampigia mdogo wangu nimwambie samahani kwa kuchelewa, na simu ikapokelewa na mwanamke nisiyemjua, akaniuliza, "Wewe ni nani yake?"

Taarifa ya habari ya jioni ilinikuta kwenye korido ya hospitali. Mlinzi alikuwa na redio ndogo kifuani. Nilisikiliza sentensi zangu tatu zikisomwa na mwenzangu. Zilikuwa sahihi. Hapakuwa na cha kurekebisha.

Walimkata chini ya goti. Alipoamka vizuri, siku ya pili au ya tatu, jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba kidole gumba cha mguu wa kushoto kimelowa.

"Hapana," nilimwambia. "Hakuna."

"Kimelowa, dada. Kama nimesimama kwenye omuramba."

Nilipapasa shuka. Palikuwa pakavu, na palikuwa tambarare. Nikamwambia pakavu. Akageuza uso ukutani. Nilikwenda nje nikanunua maji ya kunywa, nikarudi, nikaandika kwenye daftari saa aliyokunywa dawa. Sikulia, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Nilikuwa nangoja kilio kama mtu anavyongoja umeme urudi, anaendelea na kazi gizani kwa kupapasa, na baada ya muda anazoea.

Ilikuwa katika wiki hizo hizo, yeye akiwa bado wodini, ndipo mwalimu alipopigiwa simu na jamaa mmoja wa Nairobi aliyekuwa anakusanya nyimbo nzito za Afrika Mashariki azitoe kwa pamoja. Alikuwa amesikia mahali fulani kipande chetu kilichorekodiwa kwa simu. Alitaka wimbo mmoja uliorekodiwa vizuri, na alitupa miezi minne.

"Hatuna mpiga ngoma," nilimwambia mwalimu.

"Tuna kompyuta, dada."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Sikumwuliza mdogo wangu. Nilijiambia simsumbui mgonjwa.

Kwa asiyejua: kwenye kompyuta ngoma ni karatasi yenye mistari. Kila ngoma ina mstari wake na kila pigo ni kisanduku kidogo unachokiweka kwenye mstari kwa kidole. Ukikisogeza kulia, pigo linachelewa, ukikisogeza kushoto, linawahi. Unaweza kukipa kila kimoja nguvu yake. Halafu unabonyeza, na kompyuta inapiga ulichoandika kwa sauti za ngoma halisi zilizorekodiwa na watu wa mbali. Haikosei na haitoki jasho.

Nilikuwa na rekodi moja nzuri ya mdogo wangu, niliyoichukua kwa simu ghalani, simu ikiwa imelala juu ya gunia. Katika chumba changu cha kupanga hapa Bukoba, kila nikitoka kazini, niliisikiliza sekunde mbili, nikaweka visanduku, nikasikiliza mbili nyingine. Nilinakili kila pigo lake. Majirani walidhani nimepata kazi ya kuchapa. Nilipomaliza niligundua jambo ambalo sikulijua kwa miaka yote ya kucheza naye: mguu wake wa kushoto ulikuwa unachelewa. Haukuchelewa sana, ila ulifanya hivyo kila mara, na kwa kiasi kile kile. Ule wa kulia ulikuwa juu ya mstari kabisa, na wa kushoto nyuma yake kidogo.

Mimi ni mtu wa kupanga vitu. Nilihifadhi nakala kama ilivyokuwa, nikaandika tarehe, halafu kwenye nakala ya pili nikachagua visanduku vyote vya mguu wa kushoto na kuvipeleka kwenye mstari. Ilikuwa kazi ya kubonyeza mara mbili. Nilikaa nikaviangalia vilivyonyooka. Palikuwa pia na mahali katikati ya wimbo ambapo miguu ilikuwa inanyamaza kabisa kwa mizunguko minane, magitaa yakabaki peke yake. Nikajaza hapo pia.

Mwalimu alikuja kutoka Muleba kusikiliza. Alivaa hedifoni, akafumba macho, akatikisa kichwa mara mbili tatu, akaacha.

"Vipi?"

"Cherehani."

"Nini?"

"Ni cherehani, dada. Inashona vizuri sana. Lakini ni cherehani."

Tulijaribu kuiharibu. Tuliiambia kompyuta itikise visanduku ovyo ovyo kidogo, na ikawa cherehani ya mlevi. Tuliongeza nguvu hapa, tukapunguza pale. Tulirekodi magitaa juu yake na besi na sauti, tukidhani vitafunika. Havikufunika.

Wakati huo mdogo wangu alikuwa ameshatoka hospitali, yuko Kashozi kwa baba, anatembea kwa magongo. Ngoma zake tulizifunika ghalani kwa magunia. Hakutaka kuziona wala kusikia chochote kinachohusu bendi. Mara mbili nilimpelekea wimbo kwenye simu. Mara ya kwanza alisema ana usingizi. Mara ya pili alipokea hedifoni, akaziangalia, akazikunja waya vizuri na kunirudishia.

"Nina kazi, dada."

Alikuwa anamenya maharage.

Nilipomweleza mwalimu, aliuliza kwa utaratibu wake, kama anayesimamia jaribio maabara.

"Anajua tumetumia mapigo yake?"

"Bado."

"Utamwambia lini?"

"Akisikiliza."

"Asiposikiliza?"

"Hatupeleki."

"Dada, unatufunga wote kwenye mguu wa mtu mmoja."

"Ndiyo," nilisema. Nilikuwa nimeshatangaza mguu ule mara moja bila kumwuliza mwenyewe, kwa sentensi tatu, na sikutaka kurudia.

Ilikuwa imebaki wiki mbili tu katika ile miezi minne wakati binamu yetu alipokubaliwa kwa wakwe zake. Huwezi kwenda ukweni bila rubisi, kwa hiyo baba aliamua pombe ikamuliwe kwetu. Ndizi zilikuwa zimeshaivishwa juu ya dari ya jiko kwa moshi. Jumamosi asubuhi nilipanda kutoka mjini. Nilikuta obwato umesafishwa, nyasi zimekatwa, na binamu wawili wamekunja suruali. Mmoja wao ni dereva wa basi la Mwanza, mtu mwenye tumbo. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya obwato, magongo yameegemezwa kwenye mgomba, kazi yake kuwapa nyasi. Suruali ya upande wa kushoto alikuwa ameikunja na kuibana kwa pini. Mimi nilichukua kreti langu na vibuyu.

Baba hakanyagi tena kwa sababu ya mgongo. Alisimama na fimbo akawasimamia.

"Unakanyaga kama unaziogopa," alimwambia dereva. "Zimeshaiva, hazitalia."

"Nimesahau, baba mkubwa."

"Huko Mwanza mnakanyaga nini?"

"Breki tu."

"Sasa hapa usikanyage breki. Hapa ni mafuta."

Mdogo wangu alicheka kidogo puani, bila kufungua mdomo. Nilikuwa sijamsikia hata hivyo kwa muda mrefu.

Mwanzoni ndizi hutoa mlio mkavu, kama mtu anapiga godoro. Nyasi zikishaingia na ndizi zikaanza kupondeka, mlio unakuwa mzito, wenye maji ndani. Dereva aliteleza akakaa chini katikati ya ndizi, na tulisikia suruali yake ikinyonya. Baba alimwambia wakwe watainywa vizuri wakijua imetoka wapi. Binamu wa pili, ambaye ndiye aliyekuwa anaoa, alishika ukingo wa gogo, akapata mwendo, akaendelea. Nilianza kuhesabu bila kukusudia. Kulia, kushoto. Kulia, kushoto.

Ndipo nilipouona ule mkunjo wa suruali ya mdogo wangu ukitembea.

Alikuwa anaangalia pembeni, kwenye rundo la nyasi, anachambua. Hakuwa anajua. Mguu wa kulia wa binamu ulipotua ndani, kisigino cha kulia cha mdogo wangu kiligusa ardhi, na baada yake, nyuma kidogo, ile pini ilishuka. Haikugusa kitu. Ilipanda, ikangoja, ikashuka. Nilihesabu mizunguko mingi kabla ya kukubali. Niliujua uchelewaji ule. Nilikuwa nimeutazama kwenye kioo cha kompyuta kwa wiki kadhaa, na niliufuta kwa kubonyeza mara mbili.

Nilimwuliza baba kama ninavyowauliza watu kazini.

"Taata, kwa nini mguu wa kushoto unangoja?"

"Ungoje usingoje, unakuhusu nini wewe na vibuyu vyako?"

"Nauliza tu, waitu," nilisema, kwa lile neno letu la heshima.

Alionyesha kwa fimbo ndani ya gogo. "Chini ni mviringo. Ukikanyaga yote miwili sawasawa utakaa kama dereva. Wa kulia unabana. Wa kushoto unageuza nyasi, upeleke ndizi chini ya ule wa kulia. Sasa utageuza kitu ambacho wa kulia haujakibana?"

Mdogo wangu alikuwa amesikia. Mkono wake ulishuka ukashika ile pini, ukaituliza.

"Unapima nini, dada?"

"Sipimi kitu."

"Unapima. Uso wako ukiwa unapima naujua."

Nilisema nasuuza. Nikasuuza. Omuramba ulianza kutoka, wa rangi ya kahawia yenye povu, na baba akaonja kwa kiganja.

Jioni nilirudi mjini, nikafungua ile nakala ya kwanza niliyoiandika tarehe. Mguu wa kushoto ulikuwa bado mahali pake, nyuma. Niliutoa kule na kuurudisha kwenye wimbo kama ulivyokuwa, kisanduku kwa kisanduku, pamoja na nguvu zake. Ule uliochelewa ulikuwa pia laini zaidi ya mwenzake, jambo ambalo nalo nilikuwa nimelisawazisha. Jumatatu nilimtumia mwalimu. Hakunitumia ujumbe, alipiga simu, na nilisikia wanafunzi wakipita nyuma yake.

"Huyu ni yeye," alisema.

"Ndiyo."

"Basi sasa ndiyo huwezi kupeleka bila kumwambia."

Jumamosi nyingine ilikuwa ya mwisho kabla ya muda wa yule jamaa wa Nairobi kwisha. Mdogo wangu alikuwa barazani anachambua kahawa iliyokauka, mbaya anatupa, nzuri anaacha kwenye ungo. Nilikaa karibu naye. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, nikayasema kwa mpangilio huo huo.

"Tumerekodi ule wimbo mrefu. Ngoma nimezipanga kwenye kompyuta. Nimenakili mapigo yako kutoka kwenye simu. Kuna mtu Nairobi anautaka kabla ya Jumatano. Usipokubali hatupeleki."

Aliendelea kuchambua.

"Umechukua bila kuniuliza."

"Ndiyo."

"Ulianza lini?"

Ningeweza kusema mwezi uliopita. "Ulipokuwa bado wodini."

"Nikiwa na mpira wa mkojo."

"Ndiyo."

"Yaani mguu wameutupa asubuhi, mchana umeshauokota umeuweka kwenye kompyuta."

"Haikuwa siku ile ile."

"Dada." Alinitazama. "Sikuulizi tarehe."

Kuku alipanda barazani, mdogo wangu akamfukuza kwa gongo. Alichambua kahawa nyingine, labda viganja viwili au vitatu. Nilikuwa najua kwamba akisema hapana nitasimama, nitaaga, nitampigia mwalimu, na jambo litakuwa limekwisha. Nilikuwa nimeshaandaa hata maneno ya mwalimu. Sikujua kama ningeona chochote moyoni.

"Lete," alisema.

Alivaa hedifoni sikio moja tu. Nilibonyeza. Sikuwa nasikia kitu isipokuwa mchirizo mdogo, kama wadudu ndani ya kopo, kwa hiyo nilimtazama. Mkono wake uliendelea kuchambua kahawa, halafu ukaanza kuchambua vibaya, ukitupa nzuri, halafu ukalala kwenye ungo. Alivaa na sikio la pili. Nilitazama pini. Ilikuwa imetulia, na sikujua hilo lina maana gani. Dakika zilikwenda. Katikati ya wimbo akakunja uso, akainua kidole.

"Simamisha. Hapa nani anapiga?"

"Ni wewe."

"Mimi hapa sipigi."

"Nilijaza. Palikuwa na pengo."

"Hapa nilikuwa nachoka, dada. Kila mara. Nilikuwa nainua miguu yote, mnabaki na magitaa yenu, mwalimu ananitolea macho."

"Nilidhani ni kosa."

"Ni kosa." Akavua hedifoni. "Liache. Hata anayekanyaga ndizi hutoka akafuta jasho. Huyu wako hafuti, nani atamwamini?"

Nilitoa kompyuta kwenye mkoba, nikaiweka juu ya ungo wa kahawa kwa sababu hapakuwa na meza, nikamwonyesha visanduku vya lile pengo. Aliuliza vinafutwaje. Nikamwonyesha. Alivifuta mwenyewe, kimoja kimoja, ingawa nilimwambia unaweza kuvifuta vyote kwa pamoja. Alipofika cha mwisho alikiacha.

"Hiki kibaki. Hapa ndipo nilikuwa narudisha mguu."

"Wa kushoto?"

"Wa kushoto."

Tulisikiliza tena, kila mmoja na sikio lake. Wimbo ulipofika pale, ngoma zilitoka, magitaa yakabaki peke yake yakisikika membamba kuliko nilivyodhani, halafu likaja lile pigo moja, laini, limechelewa, na vyote vikarudi.

"Pelekeni," alisema, akarudi kwenye kahawa.

Nilimwuliza kwenye maelezo ya wimbo, mahali pa mpiga ngoma, tuandike nini. Alisema andika kompyuta. Nilikuwa nimeshafika kwenye migomba naelekea barabarani aliponiita.

"Dada! Mguu wa kushoto, niandike mimi."

Tuliandika hivyo. Yule jamaa wa Nairobi aliuliza kama ni utani, mwalimu akamjibu hapana, naye akaacha kama ilivyo.

Nyimbo zilitoka pamoja, nyingi, yetu ikiwa karibu na mwisho. Waliosikiliza hawakuwa wengi. Ofisini hakuna aliyejua, na mimi sikutangaza. Baba aliusikiliza mara moja, mahindi bado hayakuwemo. Baada ya wiki kadhaa mtu mmoja asiyejitambulisha aliandika chini ya wimbo kwamba magitaa yako sawa, ila ngoma zina tatizo, mguu wa kushoto unachelewa, mpigaji aufanyie mazoezi.

Nilikwenda na maoni hayo Kashozi. Mdogo wangu alikuwa barazani. Nilimsomea neno kwa neno, kama ninavyosoma habari, bila kuongeza kitu. Alinitaka nirudie. Nikarudia. Alianza kucheka polepole, tumboni, kisha akacheka hadi gongo likaanguka, na baba akatoka ndani kuuliza nani amekuja.

"Mwambie," alisema akifuta macho, "mwambie mguu ukirudi nitauambia."

Nilicheka pia, au nilitoa sauti hiyo. Niliokota gongo. Alipotulia aliegemea ukuta, akanyoosha mguu wa kulia, na mkunjo wa suruali ukanyooka sambamba nao.

"Kidole gumba kimelowa," alisema.

Nilitazama sakafu pale ambapo kingekuwa. Palikuwa pakavu, saruji tupu na punje mbili za kahawa.

"Omuramba?" niliuliza.

"Omuramba."

Nikasogeza miguu yangu nimpishe nafasi.